PACER na CourtListener: kufuatilia kesi ya meya wa New York kwa hati badala ya tetesi

Tarehe 2 Novemba 2023 maafisa wa FBI walipekua nyumba ya mchangishaji mkuu wa fedha za kampeni za Eric Adams, aliyekuwa meya wa New York. Siku nne baadaye walimsimamisha meya mwenyewe alipokuwa akitoka kwenye shughuli jijini Manhattan, wakaondoka na simu zake. Kuanzia hapo hadi 26 Septemba 2024, hati ya mashtaka ilipowekwa hadharani, kila mtu alikuwa na lake la kusema. Wapo waliomhukumu bila kusikia ushahidi hata mmoja, na wapo walioapa kwamba hakuna uchunguzi wowote unaomhusu. Wengi wa pande zote mbili walikuwa wanabahatisha.

Njia ya kutoka kwenye kubahatisha ipo, na mtu aliye Dar es Salaam au Mombasa anaweza kuitumia sawasawa na mkazi wa Brooklyn. Huduma zinazohusika ni mbili. PACER ni mfumo rasmi wa kumbukumbu za mahakama za shirikisho za Marekani, na ni wa kulipia. CourtListener ni maktaba ya bure ya mtandaoni ya shirika lisilo la kibiashara la Free Law Project, na ina programu ndogo ya kivinjari iitwayo RECAP. Tunazipima pamoja kwa sababu kila moja ina pengo ambalo nyingine inaliziba, na tunazipima kwa kesi ya Adams kwa kuwa imepitia karibu kila hatua ambayo msomaji anaweza kukutana nayo. Isitoshe, wasomaji wa Afrika Mashariki wameanza kuifuata siasa ya jiji hilo kwa karibu zaidi tangu Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, ashinde uchaguzi wa umeya Novemba 2025.

Kwanza ieleweke ni wapi huduma zote mbili hazisaidii, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Uchunguzi ukiwa bado unaendelea, hutakuta kitu. Kesi kubwa za jinai za shirikisho hupitia jopo kuu la raia, ambalo husikiliza ushahidi faraghani na kuamua kama kuna sababu ya kushtaki. Kanuni ya 6(e) ya mwenendo wa jinai inawafunga midomo waendesha mashtaka, wajumbe wa jopo na karani anayerekodi. Shahidi hafungwi. Akitoka mle ndani yuko huru kumweleza mwandishi wa habari alichoulizwa. Ndiyo maana habari zinaweza kuvuja bila mtu kuvunja sheria, na ndiyo maana huvuja vipande vipande: shahidi anajua maswali aliyoulizwa yeye, hajui mwenzake alijibu nini. Ukisoma habari ya aina hiyo, jiulize chanzo chake kilikuwa na nafasi ya kujua kiasi gani.

Hati za upekuzi nazo hufungwa. Hakimu huzitoa zikiwa chini ya lakiri, zikiwa na namba zao wenyewe, na hazionekani kwa mtu anayetafuta kwa jina la mtuhumiwa. Hata hati ya mashtaka yenyewe inaweza kufichwa kwa muda. Ya Adams ilipitishwa na jopo kuu tarehe 24 Septemba 2024 na ikafunguliwa tarehe 26. Aliyelitafuta jina la meya tarehe 25 hakupata chochote, na ilhali mashtaka yalikuwa yamekwishapita. Kwa hiyo mtu akikuonyesha picha ya skrini isiyo na matokeo na kudai imethibitisha kwamba meya hachunguzwi, mjibu kwamba haithibitishi lolote.

Hati ikishafunguliwa, usikimbilie kutoa pesa. Ofisi ya mwendesha mashtaka wa shirikisho huweka nakala ya PDF bure kwenye tovuti ya Wizara ya Sheria, justice.gov, pamoja na taarifa kwa vyombo vya habari. Soma hati, taarifa iache baadaye. Taarifa huandikwa ili ivutie, hati huandikwa ili isimame mbele ya jaji, na tofauti hiyo utaiona tangu ukurasa wa kwanza.

Ya Adams ina kurasa 57, mshtakiwa mmoja na mashtaka matano: kula njama, udanganyifu kwa njia ya mawasiliano ya kielektroniki, mawili ya kuomba mchango wa kampeni kutoka kwa raia wa kigeni, na moja la rushwa. Hapo peke yake tetesi nyingi zilikufa. Mapema mwezi huohuo maafisa walikuwa wamechukua simu za mkuu wa polisi wa jiji, naibu meya wa kwanza na mkuu wa shule za umma, na watu wakaunganisha yote yakawa kesi moja kubwa. Kwenye hati, hakuna hata mmoja kati ya hao aliyeshtakiwa pamoja naye. Kilichomo ni madai ya safari za kifahari na malazi, mengi yakihusu Uturuki. Michango iliyopitishwa kwa majina ya watu wengine ili ivute fedha za umma. Na shinikizo kwa idara ya zimamoto ili jengo jipya la ubalozi mdogo wa Uturuki, karibu na makao makuu ya Umoja wa Mataifa, lifunguliwe Septemba 2021. Adams alikana mashtaka yote.

Suala la michango halieleweki bila kujua hesabu yake. New York humlipa mgombea dola 8 za umma kwa kila dola 1 aliyochangiwa na mkazi, kwa dola 250 za kwanza za kila mchangiaji. Mchango halali wa dola 250 unaleta dola 2,000 juu yake. Ndipo unapoona kwa nini mtu agawanye fedha za tajiri mmoja kwa majina ya wafanyakazi wake kumi: dola 2,500 zinaweza kuvuta 20,000 kutoka hazina ya jiji. Magazeti mengi yaliandika tu "michango haramu" na kupita, kumbe hapo ndipo uzito wa shtaka ulipo, kwa sababu anayedaiwa kuibiwa ni mlipa kodi.

Kipande kimoja kinastahili kusomwa taratibu. Hati inasema Adams alipokabidhi simu yake binafsi ilikuwa imefungwa kwa nywila, na akasema ameisahau. Inaeleza kwamba kwa maelezo yake mwenyewe aliibadilisha nywila tarehe 5 Novemba, siku moja kabla ya maafisa kumsimamisha, kutoka tarakimu nne kwenda sita. Mitaani habari hiyo ilizunguka ikawa "meya alifuta simu". Hati haisemi hivyo. Inasema nani alidai nini na tarehe gani, na inabaki kuwa dai la upande wa mashtaka. Ukizoea kusoma namna hii, utaona maneno mengi yanayosambaa yana chembe ya kweli iliyokuzwa.

Sasa kuifuata kesi yenyewe. Fungua CourtListener na utafute kwa namba badala ya jina, maana akina Eric Adams ni wengi. Namba ni 1:24-cr-00556. Tarakimu ya kwanza ni kituo cha mahakama. Kwa Wilaya ya Kusini ya New York, 1 ni Manhattan na 7 ni White Plains. 24 ni mwaka. Herufi cr ni jinai, cv ni madai, mj ni shauri lililo mbele ya hakimu kabla ya hati ya mashtaka. Namba ya mwisho ni ya mfululizo. Ukiijua mpangilio huu hutadanganywa na mtu anayekuonyesha kesi ya madai yenye jina la meya na kuiita kesi ya rushwa. Meya wa jiji kubwa hutajwa kwenye kesi za madai nyingi mno kwa cheo chake tu.

Ukurasa utakaofunguka ni daftari la kesi: kila kilichowasilishwa, kwa tarehe na namba. Hati ambayo mtu alikwishaichangia ina kitufe cha kuipakua bure. Ambayo haijachangiwa ina kitufe cha kukupeleka PACER ukainunue. Kwa kesi maarufu kama hii, hati muhimu karibu zote zipo bure. Kwa kesi ya diwani wa mji mdogo unaweza kukuta daftari lina mistari michache tu, tena ya zamani. Huo ndio udhaifu mkubwa wa CourtListener: inajua kile tu ambacho watumiaji na milisho ya mahakama (orodha za matukio mapya ambazo mahakama huzitoa mtandaoni) imeiletea. Tazama tarehe ya mwisho ya kusasishwa kabla ya kutangaza kwamba kesi imelala.

Fungua akaunti ya bure uwashe arifa kwenye kesi hiyo. Kikiingia kitu kipya unapata barua pepe. Akaunti ya bure ina kikomo cha idadi ya kesi, hivyo zichague. Arifa nazo zina kasoro: zinategemea mlisho wa mahakama husika, na mahakama nyingine huweka baadhi tu ya matukio. Kumbuka pia saa. New York iko nyuma yetu kwa saa 7 majira yao ya joto na saa 8 majira ya baridi, na mawakili hupenda kuwasilisha hati jioni. Hati ya saa 3 usiku ya kule, wakati wa baridi, utaikuta saa 11 alfajiri.

PACER ndiyo chanzo, na ndiyo inayoumiza mfuko. Usajili uko wazi hata kwa aliye nje ya Marekani; chagua akaunti ya kutafuta kesi tu, usichague ya wakili. Weka kadi ya benki wakati wa kujisajili, la sivyo utangoje namba ya kuamilisha kwa posta, na ukiwa Morogoro hiyo ni safari ndefu. Malipo ni kwa dola, M-Pesa haipokelewi.

Bei ni senti 10 kwa ukurasa, kikomo dola 3 kwa hati moja, sawa na kurasa 30. Hati ya mashtaka ya Adams ingekuwa dola 5.70, lakini kikomo kinaishusha hadi 3. Ukitumia dola 30 au pungufu ndani ya robo mwaka, husamehewa zote. Ukizidi hata kwa senti 10, unadaiwa zote, si ile ziada tu. Robo huanza Januari, Aprili, Julai na Oktoba, kwa hiyo ukikaribia kikomo mwishoni mwa Machi, subiri siku chache.

Mitego iko mahali pasipotarajiwa. Daftari la kesi hulipiwa kila unapolifungua, si mara ya kwanza tu. La kesi ndefu hufika dola 3, na ukilifungua mara kumi kwa wasiwasi umekula msamaha wako wote bila kusoma hati hata moja. Jaza tarehe ya kuanzia ili ulete mistari mipya peke yake. Viambatisho huhesabiwa kila kimoja kama hati inayojitegemea, hivyo ombi lenye vielelezo vinane linaweza kukugharimu mara tisa. Utafutaji kwa jina hauna kikomo cha dola 3, na hata usipopata kitu unatozwa senti 10. Ukiandika "Adams" bila kutaja mahakama, aina ya kesi na tarehe, utalipia kurasa za watu usiowajua.

Kwa upande mwingine, maamuzi ya majaji hayatozwi. Watu wengi hawalijui hili na wanalipa kwa tovuti za kati kile ambacho PACER inatoa bure.

Kabla ya kununua chochote weka RECAP kwenye kivinjari. Ipo ya Firefox, Chrome na Safari. Ukiwa ndani ya PACER, alama yake hujitokeza kando ya hati ambayo tayari ipo kwenye maktaba, unaichukua bure. Ukinunua ambayo haipo, inapakiwa yenyewe, na anayefuata halipi. Hili tunalisifu bila kusita. Kumbukumbu za mahakama ni mali ya umma, na kumtoza raia senti 10 kwa ukurasa wa kielektroniki ni jambo lisilo na utetezi mzuri; Serikali ya Marekani yenyewe ilishtakiwa kwa tozo hizo kupita kiasi na kukubali suluhu ya dola milioni 125, iliyoidhinishwa na mahakama 2024.

Thamani ya daftari ilionekana vizuri zaidi mwaka 2025. Tarehe 10 Februari Wizara ya Sheria iliagiza mashtaka yafutwe. Tarehe 13 Danielle Sassoon, aliyekuwa akikaimu uongozi wa waendesha mashtaka wa Manhattan, alijiuzulu badala ya kutii. Mitandao ikajaa madai kwamba meya "amesafishwa" na madai ya kinyume chake. Ombi lenyewe liliwasilishwa tarehe 14, na mambo mawili yalionekana kwa kulisoma tu. Sahihi zilikuwa za maofisa wa wizara kutoka Washington, si za waendesha mashtaka walioandaa kesi. Na ombi lilikuwa la kufuta huku mlango ukibaki wazi kuyafungua tena. Agizo lililotangulia lilikuwa limesema wazi kwamba nguvu ya ushahidi haikutathminiwa. Mtu hasafishwi na karatasi isiyougusa ushahidi, wala hatiwi hatiani nayo.

Jaji Dale Ho alimteua wakili Paul Clement atoe hoja huru, kisha tarehe 2 Aprili 2025 akafuta kesi moja kwa moja, isiweze kufunguliwa tena. Uamuzi una kurasa 78, haulipiwi. Soma sehemu anayoeleza kwa nini alikataa kuacha mlango wazi: mashtaka yangebaki yananing'inia juu ya meya, na wananchi wangeweza kudhani anaendesha jiji kwa matakwa ya serikali kuu. Anasema pia kwamba haamui kama Adams ana hatia au hana. Sentensi hiyo ndiyo iliyopotea kwenye vichwa vya habari vya pande zote.

Mstari wa daftari una tabia zake. Namba zikiruka, tuseme kutoka 40 hadi 42, kuna uwezekano hati iliyokosekana imefungwa, lakini pia inaweza kuwa ilifutwa kwa kuwasilishwa kimakosa. Pengo lisikutume kuandika kwamba kuna shahidi wa siri. Mstari usio na kiungo cha hati mara nyingi ni muhtasari wa karani wa kilichotokea kikaoni. Usome, kwa kuwa una tarehe ya kikao kijacho na majina ya mawakili waliohudhuria. Nakala kamili ya mazungumzo ya kikao hufungwa mtandaoni kwa siku 90. Kabla ya hapo unaweza kuisoma kwenye kompyuta za umma pale mahakamani au kuinunua kwa mwandishi wa kikao, na baadaye ukiichukua PACER, kikomo cha dola 3 hakihusiki: kikao cha kurasa 120 ni dola 12.

Usisahau kwamba PACER haina kesi za mahakama za jimbo. Julai 2023 mwendesha mashtaka wa Manhattan aliwashtaki watu sita kuhusu michango ya kampeni ya Adams ya 2021. Kesi hiyo ilikuwa ya jimbo, na kwenye PACER usingeiona hata ungelipa kiasi gani. Jina la mwendesha mashtaka ndilo litakalokuonyesha njia: akiwa wa wilaya ya jiji, tafuta kwenye mfumo wa mahakama za jimbo la New York, akiwa wa shirikisho, rudi PACER.

Wasomaji watataka kulinganisha na kwetu. Kenya Law na TanzLII zinatoa hukumu na maamuzi bure kabisa, bila akaunti, na kwa hilo zinaishinda PACER. Zisichokupa ni mwenendo wa kila siku: ombi lililowasilishwa jana, jibu la upande wa pili, kielelezo cha tatu. Unaona mwisho wa safari, njia yenyewe huioni, na ndani ya njia hiyo ndimo tetesi zinakostawi.

Kwa msomaji wa kawaida CourtListener na arifa zake zinatosha. Akaunti ya PACER ifunguliwe na anayeandika habari, mtafiti, au anayefuatilia kesi ambayo hakuna mwingine anayeijali. Ukitaka kujipima, chukua hati za upekuzi za kesi ya Adams zilizofunguliwa Mei 2025 baada ya New York Times na New York Post kuomba. Ni kurasa nyingi, majina kadhaa yamezibwa kwa wino mweusi. Acha ukurasa wa juu wenye muhuri, nenda moja kwa moja kwenye kiapo cha mpelelezi, kwa kuwa ndipo anapomweleza hakimu sababu ya kutaka kupekua. Kila aya andika pembeni: aliliona mwenyewe, aliambiwa na nani, au amelisoma kwenye simu ya nani. Kiapo hicho kilitolewa bila upande wa utetezi kuwapo.